Jogoo wa Kukombolea Gari Lako

Mtani wangu Perisi,

Hali yako siulizi, na yangu nitakwambia bila kuulizwa: nimechoka. Nimechoka na wewe, nimechoka na kaka yako Lameki, na zaidi ya yote nimechoka na hicho kigari chako cheupe ambacho sasa kinakaa mbele ya mlango wangu hapa Kikuyu, Dodoma. Kimeziba njia. Kuku wa jirani wanalala chini yake. Kila anayepita anauliza nitakiuza lini, na muuza gesi hapiti bila kuyapiga teke magurudumu, utadhani ameitwa kuyakagua. Ndiyo, kiko kwangu. Kwangu mimi Zena, mtu wa treni. Najua unacheka. Cheka, ukimaliza unisikilize, maana leo mimi ndiye ninayeongea na huwezi kunikatiza.

Toka siku ya kwanza pale masjala ulinitesa. Mimi mgeni kutoka Tabora, hata kiti sijapewa, ukanitwisha rundo la mafaili mbele ya bosi ukasema, "Mpeni huyu, Mnyamwezi. Kubeba mizigo wameanza na mababu zao." Ofisi nzima ikacheka. Nami nikawaambia wasimwachie Mgogo faili karibu na chungu, atalipika mlenda. Ukanishika mkono ukasema, haya, huyu ni mtani kweli. Basi, hapo ndipo tulipofungana, mpaka tukastaafu pamoja. Na katika miaka yote ile hakuna jambo tuliloligombania kama hili moja: mtu mwenye akili zake, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, apande gari au apande treni.

Wewe ulikuwa na gari, kwa hiyo kwa muda mrefu ulishinda bila hoja. Msimu wa zabibu ukifika kwenu Hombolo unapakia makreti nyuma, unanipigia simu kwamba tunatoka alfajiri, niwe tayari. Nakuwa tayari. Nakaa barazani juu ya begi langu, kanga begani, jua linachomoza, linapanda, wewe huonekani. Kumbe unaaga. Unamuaga jirani wa kulia na wa kushoto, unamuaga mwenye genge, unamuaga mpaka fundi cherehani wa kona ambaye ulimwona jana yake. Unawasha gari, unafungua kioo, unaendelea kuongea. Halafu unazima gari unashuka, kwa sababu umekumbuka hujampa pole mama fulani aliyefiwa na mjomba, na pole ya dirishani si pole. Nilikuwa nakwambia, Perisi, tunakwenda Dar, hatuhami nchi. Unanijibu, "Mtani, njia ndefu hii. Hujui utamkuta nani ukirudi." Ulilisema hilo kila safari, kwa wepesi tu, huku unatafuta miwani yako.

Na tukishatoka ndiyo kwanza vituko vinaanza. Chamwino unasimama kusalimia. Kibaigwa unasimama kuuliza bei ya mahindi ambayo hununui. Penye kibao cha hamsini unakwenda arobaini, na kibao kikiisha unasahau kuongeza. Malori yanatupigia honi. Mabasi yanatupita na abiria wanatuchungulia kwa huruma. Mlango wangu, toka siku ile ulipogonga nguzo ya geti, ulikuwa haufunguki kwa ndani, kwa hiyo mimi humo nilikuwa mfungwa, sishuki mpaka mtu anifungulie kwa nje. Na wewe ukishuka unanisahau. Umekutana na watu wako, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za shamba, mimi niko kwenye kiti cha kushoto nagonga kioo.

Gairo ndiko ulikokuwa unazidisha. Mama Neema, yule muuza viazi vitamu, akikiona kigari cheupe anaacha wateja wake na kuja moja kwa moja upande wa kushoto, ananifungulia mimi kwanza. "Shuka dada, nyoosha miguu, huyu atakuua." Alikuwa binadamu pekee kwenye barabara ile aliyenionea huruma. Lakini akishanitoa na yeye anakaa na wewe juu ya magunia, na hapo safari imekufa. Mnaongea mambo ya watoto wake, ya mguu wake, ya yule mume wake. Mkimaliza unanipakatisha boga kwa kuwa nyuma kumejaa. Dumila unaongeza nyanya na vitunguu. Nikifika Dar miguu imevimba, kanga inanuka vitunguu, na mwanangu Rehema ananipokea boga huku anauliza, "Mama, mlipitia Arusha?"

Ndiyo maana nilikuwa naitetea treni. Mimi nimekulia kwenye treni. Ile ya zamani ya kwetu Tabora, mama alikuwa anatuamsha Saranda tununue kuku wa kukaanga dirishani, na Itigi tunanunua asali. Ilichelewa, ndiyo, ilichelewa mpaka abiria wakajuana majina. Lakini unakaa, unalala, unaamka, unakwenda chooni bila kumwomba mtu akufungulie mlango. Ile wewe hukuibeza sana. Ulisema angalau ina adabu, inasimama mpaka mtu aliyebaki chini amalize kuagiza salamu zake.

Ilipokuja hii ya umeme ndipo nilipovimba kichwa. Saa ya kuondoka inajulikana, saa ya kufika inajulikana, kiti kina namba yake, kuna ubaridi mzuri, na kuna sauti ya dada inakutajia stesheni. Nilikwenda na kurudi, nikakusimulia mpaka ukaziba masikio. Siku moja ukasema basi, twende, niione hiyo treni yako. Nikakata tiketi ya viti viwili vilivyokaa pamoja. Nikakudanganya kuhusu saa, nikakutajia ya mapema zaidi, maana nakujua.

Ukaichelewa. Ulifika mpaka getini, wewe na kapu lako la zabibu, na pale getini ukamkuta mtu wa Hombolo anamsindikiza mwanawe. Ukasimama kumpa pole ya msiba. Mimi nimekaa ndani, kiti cha pembeni kitupu, natazama mlango wa behewa, na mlango ukajifunga. Treni ikaondoka taratibu, haikutikisa hata maji kwenye chupa. Simu yangu ikalia. Nilidhani utacheka. Hukucheka, ulikuwa umekasirika kweli.

"Zena, ni chombo gani hiki kinachoondoka bila kuaga?"

Halafu ukafanya nini? Ukarudi nyumbani, ukachukua gari, ukanifuata. Nilipofika kwa Rehema nilioga, nikala, nikalala, nikaamka, ndipo nikasikia honi yako nje. Ulishuka na viazi vya Mama Neema, na boga, na salamu za barabara nzima. Wajukuu zangu wakakurukia wewe. Mimi niliyewahi kufika sikuwa na cha kusimulia zaidi ya kwamba nimefika. Ukaniambia nimesafiri kama barua. Sikukubali kushindwa siku ile, na hata leo bado sikubali.

Sasa nikuulize mimi. Mtu aliyekuwa anaaga mpaka fundi cherehani, uliondokaje vile?

Lameki aliponipigia nilikuwa kwa Rehema. Alisema ulikuwa unajiandaa kwenda kanisani, ukakaa kitandani kuvaa viatu, ukavaa kimoja. Ndiyo hivyo tu. Hukumwita mtu. Hukumpigia mtu simu. Jana yake tuliongea, ukanieleza mambo ya mbolea, na tukakata simu haraka kwa sababu nilikuwa na mboga jikoni. Mboga, Perisi. Ulikuwa na mimi kwenye simu na hukusema neno. Ni chombo gani wewe, kinachoondoka bila kuaga? Sikulia mara ile. Nilikasirika, nikatupa mwiko kwenye sinki mpaka Rehema akaja mbio, na hasira ile bado ninayo mpaka ninavyoandika hapa.

Nilipanda treni. Na haki yake niipe: ilinifikisha. Nilifika Hombolo turubai bado linafungwa. Lakini nililia kuanzia kwenye yale mahandaki ya Kilosa mpaka Dodoma, na kijana wa pembeni yangu alikuwa na vidude masikioni. Mama wa kiti cha mbele aligeuka, akanipa tishu, akageuka tena. Silaumu mtu. Humo kila mmoja ana namba yake. Ila nilijua kwamba ningekuja kwa barabara ningesimama Gairo, na Mama Neema angeniona usoni tu, angefunika viazi vyake na turubai, angepanda tukaja naye hivyo hivyo na aproni yake. Treni haipiti Gairo. Inakatiza huko milimani na Gairo haina habari.

Siku ya maziko watu wa kwenu wakaniita. Mtani yuko wapi, mtani afanye kazi yake. Tulishaahidiana, sivyo? Atakayetangulia, mwenzake atamwigiza mpaka wafiwa washike mbavu. Nikafunga kilemba chako cha maua, nikavaa miwani yako, nikachomoa ufunguo wa gari kwenye msumari wake, nikatoka mbele ya watu na kuanza kuwaaga. Nikafika kwenye gari, nikarudi: nimesahau kuwaambia mbuzi wanyweshwe. Nikaenda, nikarudi tena: jamani, yule mama wa mjomba nimempa pole? Watu walicheka, Perisi. Walicheka mpaka mchungaji akageuza uso ukutani. Wazee wa kwenu walikuwa wanajipiga mapaja. Nikaona nimeiweza kazi. Nikasema kwa sauti yako, haya, sasa ndiyo naenda kweli. Nikatembea hadi garini, nikashika mlango, nikasimama kungoja mtu aniite nirudi, kama ulivyokuwa unaitwa.

Hakuna aliyeniita. Hapo ndipo nilipolia, na si kilio cha mtani.

Ili nijiokoe nikarudi kwenye utani. Nikanyanyua ufunguo juu nikasema gari hili limeshikwa na Wanyamwezi, haliondoki mpaka aje jogoo. Unaijua mila. Mtani anashika kitu cha marehemu, wenye msiba wanakikomboa kwa kuku, watu wanacheka, kitu kinarudi kilipotoka. Lameki alitakiwa kunitukana kidogo na kumtuma mtu bandani. Badala yake akanitazama, macho mekundu, akasema, "Kaa nalo, mtani." Akaingia ndani. Hakucheka mtu. Neno la mkubwa wa ukoo likawa neno, na tanga lilipoondolewa wakaliendesha gari mpaka Kikuyu, wakaliegesha mlangoni kwangu pamoja na makreti yako matupu. Mimi, ambaye hata baiskeli sijawahi kupanda.

Kuuza siwezi, kitu cha utani hakiuzwi. Kukirudisha siwezi, hakijakombolewa. Kukiacha nako betri inakufa, na kijana wa betri ameshazoea chai yangu. Kwa hasira nikaenda kujiandikisha chuo cha udereva, uzeeni huku. Siku ya kwanza niliingia kwa upande wa kushoto, nikakaa, nikasubiri. Mwalimu akanisubiri na yeye. Mwishowe akauliza, "Bibi, nani ataendesha?" Kijana mpole sana yule, nimemzeesha. Nililipandisha gari juu ya tuta zima la mchicha la shule. Nilizima gari katikati ya makutano, nalo likakataa kuwaka mbele ya msafara wa harusi, wapiga tarumbeta wakanizunguka wakidhani mimi ni sehemu ya shughuli. Leseni nimepata. Na penye hamsini nakwenda arobaini, na malori yananipigia honi, na wewe usiseme neno lolote.

Juzi nilikipeleka sokoni Majengo. Kabla sijazima, fundi cherehani wako amekwisha kufika dirishani na tabasamu lake lote, akaniona ni mimi, tabasamu likaisha. Nikalazimika kuongea naye. Habari za nyumbani, habari za watoto. Nilipotaka kuondoka nikamuaga, akaniaga, nikafunga kioo, nikakifungua tena kwa sababu nilikuwa nimesahau kumuuliza kama mkewe amepona. Nilifika nyumbani maziwa yamechacha. Unaona unachonifanyia.

Wiki hii Lameki amekuja. Amebeba jogoo mwekundu, miguu imefungwa. Akanywa chai, akazunguka na maneno, halafu akasema siku ile alikuwa hana moyo wa mchezo, nimsamehe, sasa amekuja kukomboa inavyotakiwa. Kuna mtu Kongwa anakitaka kigari hiki akabebee maziwa. Perisi, hicho ndicho nilichokiomba toka mvua zianze mpaka zikaisha. Njia yangu ifunguke, kuku wa jirani wahame, mimi nirudi kwenye treni yangu nikakae kwenye namba yangu. Nilichotakiwa ni kunyoosha mkono nipokee jogoo.

Nikamtazama yule jogoo, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Mtani, huyu hatoshi. Gari lina magurudumu manne na huyu ana miguu miwili. Lete mbuzi."

Lameki alimtazama jogoo, akanitazama mimi. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na nadhani ni mara yake ya kwanza toka tulipokuzika. Akasema Wanyamwezi tuna tamaa, hata mfu hatumwachii, na Jumapili atakuja na beberu. Jogoo akamwacha. Sasa anawika chini ya gari lako, nalo hilo nalihesabu juu yako.

Akija na beberu sina la kusema tena. Mtani akipitiliza hapo anakuwa mwizi. Kwa hiyo gari ni langu mpaka Jumapili, na kesho asubuhi nakwenda nalo Gairo.

Mama Neema hajui. Nani angemwambia? Kwenu hawamfahamu, yuko barabarani tu, na barabara ile ilikuwa yako na yangu. Msimu wa zabibu umepita na kigari cheupe hakikupita, na mimi namwona kabisa alivyokuwa anainua shingo kila gari jeupe likitokea. Wiki nzima nimetafuta maneno ya kumwambia. Nimeyapanga nikiosha vyombo, nimeyapanga nikiwa kwenye foleni ya maji, hayakai. Leo jioni nilikuwa nafuta vumbi ndani ya gari, nikafika kwenye ule mlango usiofunguka, na nikaona kumbe sina haja ya maneno.

Jogoo nitamweka nyuma, ndani ya kreti, ni wake Mama Neema. Kiti cha kushoto sikalishi mtu wala siweki kitu. Nitasimama pale pale unaposimama. Atakiona kigari, ataacha wateja, atakuja moja kwa moja upande wa kushoto kunifungulia mimi kwanza, kama kawaida yake. Atafungua mlango, na hatanikuta. Atanyanyua macho ataniona mimi nimeshika usukani.

Atajua.

Hapo nitashuka, nitakaa naye juu ya magunia, na saa sitaitazama. Nakuahidi hivi, mtani: kila uliposimama nitasimama. Chamwino nitasalimia. Kibaigwa nitauliza bei ya mahindi. Wote uliowaacha kimya nitawaaga kwa jina lako, nitashuka garini mmoja mmoja, maana ya dirishani si kuaga. Na Jumapili Lameki akileta beberu nitampa ufunguo, na nikienda kwa Rehema nitapanda treni, nitakaa dirishani, na upande iliko Gairo ndiko nitakakotazama.

Wewe sijakuaga bado. Kesho nikishawasha gari nitafungua kioo na kuanza na wewe, na nitakuchelewesha kama ulivyonichelewesha barazani miaka yote ile. Nisubiri, Perisi. Mara hii usiondoke.

Mtani wako,
Zena